Spika za Kumsikilizia Besi

Kazini walimwita Polepole, na jina lilimkaa vizuri hata mkewe akalizoea. Alikuwa fundi wa mita za maji. Karakana yao ilikuwa chumba kirefu chenye meza ya zege na mabomba yaliyopandishwa ukutani. Humo mita zilizochoka ziliingia zimejaa matope na kutu, zikafunguliwa, zikasafishwa, zikapitishwa maji ya majaribio, zikarudi kazini. Wenzake walimaliza zao upesi wakakaa kupiga soga. Yeye alichukua moja, akaigeuza, akaiweka sikioni, akaanza kulegeza skrubu kwa utaratibu wa kumkera anayetazama. Lakini mita iliyopita mikononi mwake ilikuwa hairudi tena karakana. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na mdomo mzito tangu utoto, na mkewe alisema ni kwa sababu nyumbani kwao maneno yote yalishachukuliwa na kaka yake.

Kaka huyo ndiye aliyeitwa Besi. Aliacha shule kabla ya wakati akajiunga na bendi, akapewa gitaa la besi kwa kuwa ndilo peke yake lililokuwa halina mtu. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Alioa, akapata binti mmoja, na mke akachoka kuishi na mtu wa kuja alfajiri na kuondoka jioni. Akamchukua mtoto akaenda naye mji mwingine. Besi alisema atawafuata bendi ikitulia. Bendi haikutulia. Ilipiga kwenye kumbi, kwenye harusi, kwenye mikutano ya wanasiasa waliosahau kulipa, mpaka siku kiongozi wao alipofariki na wenye vyombo wakaja kuchukua vyombo vyao. Besi akabaki hana mbele wala nyuma, akawa mlinzi wa ghala la saruji.

Kitu kimoja tu kilibaki mkononi mwake: santuri. Bendi ile iliwahi kurekodi wimbo mmoja uliovuma, na mpaka leo kila Jumapili mchana redio haikosi kuupiga katika kipindi cha nyimbo za zamani. Besi aliihifadhi santuri yake ndani ya foronya, ingawa hakuwa na gramafoni ya kuipigia.

Alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa wote. Polepole alikwenda kumtoa hospitali akamleta kwake. Walitundika pazia sebuleni, upande mmoja kitanda cha mgonjwa, upande wa pili cherehani ya mkewe Polepole, ambaye alishona sare za shule kwa oda. Mwanamke huyo hakulalamika kumpokea shemeji yake. Alilalamikia mengine yote, vumbi, umeme, nyuzi zinazokatika, lakini la kumgeuza Besi kitandani, kumwosha na kumlisha hakuwahi kulitaja hata mara moja.

Kila Jumapili waliwasha kiredio kilichokaa dirishani. Wimbo ukianza, Besi alinyamaza, na mkono wake wa kushoto, ule uliobaki hai, ukaanza kubonyeza blanketi kama unabonyeza nyuzi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya magitaa membamba, matarumbeta na mwimbaji. Chini yake hakukuwa na kitu.

"Mimi nipo hapo," alisema Besi kwa ulimi uliokuwa bado mzito. "Ila redio ndogo haibebi besi. Mimi niko kwenye msingi. Nani aliwahi kuona msingi wa nyumba?"

Mkewe Polepole alicheka akasema basi shemeji amefichwa kama panya wa darini. Besi naye akacheka kwa nusu ya mdomo. Polepole hakucheka. Jumatatu yake, akifunga mita, alikuwa bado analifikiria jambo hilo. Mtu amepiga gitaa maisha yake yote, na ndugu zake wa damu hawajawahi kumsikia. Kwenye kumbi Polepole hakwenda, usiku hakuupenda. Na sasa mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya blanketi kama wa mtu mwingine.

Mjini kulikuwa na duka la vipuri vya redio lililokuwa la mwanamke mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Watu walimwita mama wa vipuri. Polepole alimweleza haja yake, na yule mama akamtazama kwa muda, kisha akapanda ngazi akashusha katoni mbili kutoka rafu ya juu. Ilikuwa seti ya kujiundia spika mwenyewe. Alisema aliiagiza zamani, wakati vijana walikuwa bado wanapenda kuunda vitu, ikakaa pale mpaka panya wakaanza kuitamani. Alimpa kwa bei ya kusafisha rafu. Akampa na gramafoni ya umeme iliyotumika pamoja na amplifaya nzito kama tofali. Polepole alilipa kwa awamu, na mkewe hakuambiwa mpaka vitu vilipofika mlangoni.

"Sasa hizi mbao zote ni za nini?" aliuliza.

"Za kumsikilizia kaka," alijibu Polepole, akaanza kuziingiza ndani.

Ndani ya katoni mlikuwa na mbao zilizokatwa tayari, spika mbili kubwa za sauti nzito, mbili ndogo za sauti nyembamba, vibao viwili vyenye koili na vidude vya kugawa sauti, mabomba mafupi ya sanduku kupumulia, sufi ya kujaza ndani, na karatasi ya maelekezo yenye michoro iliyofifia. Polepole alifanya kazi hiyo jioni baada ya karakana, na mwisho wa juma kutwa nzima. Alipaka gundi, akaunganisha mbao, na kwa kuwa hakuwa na vibanio alizifunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli, akaweka juu yake mita kuukuu za shaba ziwe uzito. Vumbi la msasa lilitua juu ya sare za watoto, na mkewe akawa anazikung'uta dirishani huku akisema maneno ambayo hayakuhitaji jibu.

Lakini huo ulikuwa wakati mzuri katika nyumba ile, na baadaye Polepole alikuja kuukumbuka hivyo. Besi aliinuliwa akaegemezwa mito, pazia likafunguliwa, akawa msimamizi. Alijua mambo ya masanduku ya sauti kutokana na kuyabeba maisha yake yote. Aliagiza aletewe sanduku karibu, akaligonga kwa vifundo vya vidole vya kushoto, akatega sikio.

"Bado linaongea hili," alisema. "Sanduku halitakiwi kuongea. Likiongea lenyewe, mtu wa ndani atasikikaje?"

Basi Polepole akakata vipande vya mbao akavigandisha ndani kuwa mihimili, akarudisha, Besi akagonga tena, mpaka sanduku likatoa sauti ya kufa, dhu, kama kugonga gogo. Mkewe akatoa mabaki ya kitambaa cha bluu cha sare akazishonea spika vifuniko vya mbele. Spika zilipokamilika zilifanana na watoto wawili wa shule waliopewa adhabu ya kusimama ukutani, na hilo alilisema Besi mwenyewe.

Polepole aliulehemu waya wa mwisho mchana wa Jumamosi. Hawakungoja redio. Waliitoa santuri kwenye foronya, mkewe akaifuta kwa pamba, ikawekwa kwenye gramafoni. Besi aliomba avalishwe shati. Walimvalisha shati jeupe la zamani la bendi, likampwaya mabegani, akakaa akitazama vile vitambaa viwili vya bluu.

Sindano ikashuka. Matarumbeta yalitoka makali na safi kuliko walivyowahi kuyasikia. Mwimbaji alikuwa kama amesimama kati ya meza na cherehani. Mkono wa kushoto wa Besi ulianza kubonyeza blanketi, ukabonyeza, kisha ukapunguza, kisha ukasimama. Chini ya wimbo hakukuwa na kitu.

Walisikiliza mpaka upande wa santuri ulipokwisha. Besi alisafisha koo.

"Sipo," alisema.

"Nimekosea mahali," Polepole alisema haraka, na kwa mtu kama yeye haraka hiyo ilikuwa ya ajabu. "Ni kosa langu. Nitalitafuta."

"Tafuta tu, mdogo wangu. Hakuna haraka," alisema Besi, kisha akaomba avuliwe lile shati.

Polepole alikwenda kwa mama wa vipuri akiwa kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Yule mama alimsikiliza akasema huenda nyaya za spika moja zimegeuzwa. Spika moja ikisukuma mbele wakati mwenzake anavuta nyuma, sauti nzito zinauana hewani kabla ya kumfikia mtu. Alimfundisha namna ya kujua: achukue betri ya tochi, aguse nayo nyaya, atazame spika inasogea wapi. Akampa na santuri nyingine ya kujaribia, ya bendi nyingine ya zama zilezile, akamwambia hiyo besi yake inatikisa vikombe kabatini.

Ikawa kweli. Alipogusa betri kwenye spika ya kwanza, ilisogea mbele. Kwenye ya pili ilirudi nyuma. Alama nyekundu ya kuonyesha waya upi ukae wapi ilikuwa imefunikwa na tone la gundi, na yeye, mtu wa kukagua kila kitu mara tatu, alipitwa. Alipoligundua hilo aliketi sakafuni akajisikia mwepesi. Kosa lilikuwepo, tena lilikuwa lake, tena lilikuwa dogo. Akageuza nyaya, akalehemu upya, akafunga.

Siku hiyo mkewe alikuwa amempeleka Besi kwenye mazoezi ya viungo. Nyumba ilikuwa tupu. Polepole aliweka kwanza ile santuri ya kuazima. Besi ya bendi ile ikaingia chumbani kama mtu mnene anayevuta kiti. Aliisikia kifuani, akaiona kwenye mkasi wa mkewe uliokuwa ukitetemeka juu ya meza ya cherehani. Alisimama katikati ya sebule akicheka peke yake. Aliwaza namna watakavyorudi, namna atakavyomvalisha kaka yake lile shati tena.

Kisha akaweka santuri ya kaka yake ili awe na hakika.

Alisikiliza mpaka mwisho akarudisha sindano mwanzo. Akapandisha sauti. Akapiga magoti, akaweka sikio karibu na kitambaa cha bluu. Mahali ambapo besi ilipaswa kuwa palisikika mtikisiko wa mbali, kama jirani anasogeza kabati nyumba ya tatu, na huo nao ulipotea ngoma zilipoingia. Alisafisha sindano. Alibadilisha spika, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Aliirudia ile ya kuazima, mkasi ukatetemeka. Akairudia ya kaka yake, mkasi ukatulia.

Spika hazikuwa na kosa. Wimbo ule ulirekodiwa hivyo. Besi hakuwemo redioni, hakuwemo kwenye santuri, na hakuwahi kuwemo.

Aliizima amplifaya akakaa. Alijaribu kufikiri atasema nini. Mtu amelala kitandani nusu ya mwili imekufa, mke alimkimbia, mtoto alikulia mbali, na vyote hivyo alivilipa kwa ajili ya kitu kimoja, nacho hakipo. Polepole hakuwa na maneno ya kutosha kwa jambo dogo, sembuse hili. Waliporudi kutoka mazoezini walimkuta amekwisha kufungua masanduku, sufi imetapakaa sakafuni.

"Bado?" aliuliza Besi.

"Bado sijalipata."

Tangu hapo Polepole akawa mtu wa kutafuta kosa lisilokuwepo. Jumamosi ikija anafungua skrubu, anatoa sufi, anageuza kibao, anakitazama dirishani, anakirudisha. Mkewe aliona ajabu, kwa sababu mumewe alikuwa mtu wa kumaliza. Aliwaambia wateja wake kwamba bwana wake ametengeneza spika zisizosema, na wateja wakacheka. Karakana nako habari ikafika, wenzake wakamuuliza kama hizo spika zake hupitisha maji. Aliyapokea yote kimya. Akilini mwake lilikuwa jambo rahisi: aonekane fundi mbovu yeye, kuliko kaka yake aambiwe kwamba hakuwahi kupiga.

Kosa lake halisi lilikuwa kuiacha ile santuri ya kuazima rafuni, nyuma ya gramafoni.

Jioni moja alirudi kutoka kazini akamkuta Besi macho makavu, amegeukia ukuta. Mkewe alikuwa ametoka mchana kupeleka sare shuleni na alikuwa hajarudi. Polepole alimsalimu, akavua viatu, akachukua bisibisi kama kawaida yake ya siku hizo.

"Iache hiyo," alisema Besi.

"Nataka nitazame tena ile koili."

"Spika zako hazina kosa, mdogo wangu. Acha kuzifungua."

Polepole alibaki ameshika bisibisi. Besi alimweleza kwa sauti ya taratibu, neno moja moja, jinsi ulimi wake ulivyomruhusu. Alikuwa ameichoka nyumba kimya. Gramafoni ilikuwa karibu na kitanda, akajivuta kwa mkono mmoja, akaipata ile santuri iliyofichika, akaiweka. Ilimchukua muda mrefu na alikaribia kuanguka. Alitaka tu kusikia matarumbeta.

"Yule jamaa wa besi wa bendi hiyo nilimjua," alisema. "Tulikuwa tunachekana. Leo amekuja akakaa hapa kitandani kwangu. Nimemsikia mpaka kidole kikiteleza kwenye waya."

Polepole aliketi kwenye kiti cha cherehani. Akaiweka bisibisi chini.

Basi Besi akamsimulia siku ya kurekodi, habari ambayo hakuwahi kumsimulia mtu. Walipangwa wote katika chumba kimoja. Kila alipopiga besi, mashine ya fundi wa kurekodi iliruka, ikaharibu wimbo. Fundi akasema besi ni kubwa mno. Wakafunika sanduku lake kwa mkeka, bado. Wakamsogeza pembeni, bado. Mwisho wakamwambia apigie nje, koridoni, mlango ubaki wazi kidogo ili asikie wenzake. Kiongozi wa bendi alimshika bega akamwambia asijali, besi itasikika, besi hupenya ukuta. Alipiga wimbo mzima akitazama ndoo na fagio. Santuri ilipotoka aliisikiliza kwa mtu mwenye gramafoni ndogo, hakujisikia, akaambiwa gramafoni ndogo haibebi besi.

"Nikalishika neno hilo," alisema. "Kila nilipofika kwa mtu mwenye vyombo vizuri, wakiuweka ule wimbo, nilipata sababu ya kutoka nje. Mara sigara, mara choo. Nilikuwa najua, halafu nilikuwa sijui. Unaelewa?"

"Kwa nini hukuniambia nisizitengeneze?"

Besi alifikiri. "Ulikuwa umeshanunua," alisema. Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi: "Na ningekwambia nini? Kwamba nilimwacha mke na mtoto nikaenda kuupigia ukuta gitaa?"

Polepole alitaka kusema kwamba watu waliocheza kwenye zile kumbi walimsikia, kwamba santuri si kila kitu. Maneno hayo alikuja kuyapata vizuri siku nyingi baadaye, akiwa kwenye meza ya zege na mita mkononi. Wakati ule alichoweza ni kumsogezea mto.

Besi alimwomba kitu kimoja. Binti yake asijue. Mama yake alipomchukua, akiwa mdogo, alimwambia baba yako yumo redioni, na mtoto akawa anatega sikio kwenye redio ya jirani. Alikua na neno hilo mpaka utu uzima. Hakupata kingine kwa baba yake. Shemeji naye asijue, kwa sababu shemeji hana siri, jambo likimfikia yeye limewafikia wateja wote. Polepole aliahidi. Mkewe aliporudi alikuta spika zimefungwa skrubu zote na bwana wake amesema basi, ameshindwa.

Santuri ya kuazima ilirudishwa dukani. Besi hakutaka tena muziki, hata wa redio. Jumapili wimbo ulipokaribia, aliomba maji, au ageuzwe, au dirisha lifungwe, na Polepole akazima redio bila kuulizwa. Mkono wa kushoto ulikaa kimya juu ya blanketi kama mwenzake. Mazoezi ya viungo aliyaacha, akasema yanamchosha bure. Mkewe Polepole alimbembeleza, akamgombeza, akamwita daktari wa zahanati ambaye alisema mgonjwa mwenyewe lazima atake. Besi alimjibu kwa adabu kwamba amemsikia. Juu ya spika zikawekwa sare zilizokunjwa, zikisubiri wenyewe, na watu wakasahau kwamba ni spika.

Alifariki mchana, mkewe Polepole akiwa anashona. Alisema alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuita, akageuka, na alipofika kitandani ilikuwa imekwisha. Kwenye mazishi walikuja majirani, watu wa karakana, na wapigaji wawili tu wa bendi ile, wazee sasa, ambao walisimama nyuma na kuondoka kabla ya watu kutawanyika.

Binti yake alifika kwa basi siku ya mazishi yenyewe. Alikuwa mtu mzima mwenye uso wa baba yake, anafanya kazi ya kupokea wageni hotelini katika mji alikokulia. Alilia kwa adabu, kama mtu anayelia msiba wa jamaa wa mbali, na alionekana kuona aibu kwa hilo. Kesho yake, wageni walipopungua, alikaa sebuleni na baba yake mdogo. Aliuliza habari za ugonjwa. Kisha akaona gramafoni, na ile foronya.

"Baba mdogo, naomba niusikie," alisema. "Sijawahi kuusikia kwenye kitu kizuri. Mama alikuwa ananiambia yumo, nami kila siku namtafuta."

Mkewe Polepole aliondoa sare juu ya spika. Wimbo ukaanza. Binti alisogeza kiti mbele, akainamisha kichwa upande mmoja, akafumba macho. Walipofika katikati alifumbua.

"Baba ni yupi hapo?"

Polepole alivitazama vile vifuniko viwili vya bluu vya kitambaa cha sare. "Hizi spika niliziunda vibaya," alisema. "Hazibebi besi. Yumo, ila kazi yangu ndiyo mbovu. Unisamehe."

"Alipoteza nazo miezi," mkewe alidakia kutoka jikoni. "Mwulize jinsi wenzake kazini walivyomcheka."

Binti alimpa pole. Alisema hotelini kwao ukumbini kuna spika kubwa kama makabati, na fundi wa muziki ana gramafoni. Aliomba aichukue santuri, ni mali ya baba yake, akaisikilize huko. Polepole aliitazama ile foronya. Hakukuwa na njia ya kukataa. Aliifunga kwa gazeti, kisha kwa kitambaa, kisha kwa kadibodi kutoka katoni za ile seti, akachelewa kufunga mpaka mkewe akaja kumaliza yeye. Alimsindikiza binti kituo cha basi, wakangoja pamoja. Mara mbili alifungua kinywa. Mara ya kwanza alimwambia awe mwangalifu na jua, santuri hupinda. Mara ya pili basi lilikuwa limewasha injini.

Majuma yalipita. Polepole alirudi karakana, alitenganisha mita, alizirudisha. Kila simu ya mkewe ilipolia aliacha alichokuwa akikifanya. Hatimaye ilikuwa ni Jumapili, wakiwa mezani, na mkewe alimpa simu akisema ni binti wa shemeji, anamtaka yeye.

Walisalimiana, wakaulizana afya.

"Baba mdogo, niliupiga ule wimbo. Tuliupiga ukumbini, mimi na yule fundi."

"Ehe."

"Nimemsikia baba. Vizuri kabisa."

Polepole alitega sikio. Nyuma ya sauti ya binti kulikuwa na kelele za vyombo, mtu anapanga sahani. Aliijua santuri ile kuliko mtu yeyote aliyebaki hai. Alijua kilichomo na kisichomo. Alijua pia namna mtu anavyosema akiwa amejiandaa kusema kitu muda mrefu.

"Alikuwa anapiga vizuri, siyo?" aliuliza.

"Sana," alisema binti, kisha akasema anaitwa kazini, atapiga siku nyingine.

Polepole alirudisha simu mezani. Mkewe aliuliza mtoto anasemaje.

"Anasema amemsikia baba yake. Kwenye spika za hotelini."

Mkewe alitikisa kichwa, akamwongezea chai kikombeni.

"Basi kumbe ni kweli," alisema. "Zako ndizo mbovu."

"Ndiyo," alisema Polepole. "Ni zangu."